Kabla hujashuka mtoni kuchota tope la kupima metali nzito

Wadogo zangu mnaoanza projekti za metali nzito (madini kama risasi, yaani lead, zinki na zebaki), hasa nyie mliopangiwa mto Msimbazi wa Dar es Salaam, ngoja niwaambie mapema vitu ambavyo mimi nilivijua nikiwa nimeshaharibu. Makosa mengi hayatokei kwenye mashine ya kupimia maabara, yanatokea siku ya kwanza mtoni, na mashine haiwezi kukwambia, yenyewe inatema namba tu na wewe unashangilia.

Mimi mara ya kwanza nilishuka Vingunguti na koleo la chuma na ndoo ya bati, ndo iliyokuwepo, nikachota tope nikarudi najiona mtafiti kweli kweli. Majibu kutoka, zinki iko juu ajabu, nikaanza kuandika habari za viwanda vya Pugu Road, mpaka fundi wa maabara akaniuliza, "Mdogo wangu, ulichotea nini?" Bati limepakwa zinki jamani! Tukamwaga zote. Tumieni kijiko cha plastiki, na chupa mziloweke usiku kucha kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10 halafu msuuze kwa maji safi ya maabara. Na chupa moja tupu ipitisheni kila hatua kama vile ina sampuli, hiyo ndo itawaumbua kama uchafu umetoka kwenu wenyewe. Glavu na mabuti sina haja ya kusema, ule mto una maji ya vyoo.

Sasa panapokwamisha wengi ni mchanga na mfinyanzi. Metali zinang'ang'ania chembe ndogo ndogo na mabaki yaliyooza, mchanga haushiki kitu cha maana. Kwa hiyo ukichota penye mchanga huku juu ya mto, halafu kule chini Jangwani ukachota tope laini, utaona Jangwani pachafu mara kadhaa na utaandika chanzo kipo pale pale, kumbe umepima tofauti ya udongo tu. Chekecha kwa chekeche la maikroni 63 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ubaki na chembe ndogo tu, la nailoni lakini, sio la shaba maana hapo utarudi kwenye hadithi ya ndoo yangu. Au pima na alumini kwenye kila sampuli, maana alumini ni sehemu ya mfinyanzi wenyewe na inakuonyesha tope ni laini kiasi gani, ugawanye metali yako kwa hiyo alumini, ndo ulinganishe. Mimi siku hizi nafanya vyote viwili. Na kama unatafuta zebaki usikaushe kwenye oveni kali, inapaa, anika tu kwenye joto la kawaida.

Kwenye mimea, matete au mikoko ya kule daraja la Salenda mto unapoingia baharini, mizizi na majani ni sampuli mbili, usichanganye. Mizizi ya mimea ya majini inakuwa na ganda la kutu kwa nje na hiyo kutu inanasa metali nyingine, usipoiosha vizuri unapima tope lile lile mara ya pili. Halafu watu wakiona mizizi imejaa risasi wanaandika mmea unasafisha mto, unasafishaje wakati majani hayana kitu na mmea ukifa mizizi inaozea hapo hapo? Gawanya kiwango cha majani kwa cha mizizi, ikiwa chini sana ya 1 mmea umeizuia tu metali kwenye mizizi.

La mwisho ni mchicha wa bondeni, maana lazima mtauchukua. Maabara inakupa majibu ya majani makavu, lakini kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha risasi kwenye mboga za majani, miligramu 0.3 kwa kilo, ni cha mboga mbichi. Mchicha karibu sehemu 9 kati ya 10 ni maji, kwa hiyo miligramu 2 kwa kilo ya kikavu ni kama 0.2 kwa kilo ya mbichi, ipo ndani ya kikomo. Ukichanganya hapo unamfungia mama wa watu bustani bure. Pima uzito mbichi pale pale kwenye tuta kabla haujanyauka, nenda na mzani wako mdogo, na betri za akiba.