Maswali Yenu: Zohali Haimjui Mama Yako

Barua nne za safari hii zinahusu unajimu wa kisaikolojia, yaani ule unaoitazama ramani ya anga ya saa ya kuzaliwa ili kumsaidia mtu ajitafakari, pasipo kumtabiria yajayo. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa sababu imebeba uzito kuliko nyingine.

SWALI: Ndugu mhariri, nina umri wa miaka 29. Rafiki yangu alinipeleka kwa mnajimu ambaye alisema hatabiri mambo, bali husoma ramani ya kuzaliwa ili mtu ajifahamu. Aliniambia kuwa katika ramani yangu Mwezi na sayari ya Zohali vimekaa kwa pembe ya nyuzi 90, na kwamba maana yake ni kuwa mama yangu alinilea kwa ubaridi, ndiyo sababu naona haya kuomba msaada. Akaongeza kuwa Zohali sasa imerejea mahali ilipokuwa nilipozaliwa, kwa hiyo huu ni mwaka wangu wa kupimwa. Nimerudi nikiwa nimemkasirikia mama, ingawa sikumbuki kosa lake. Je, niyaamini haya?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hasira yako. Uliingia kwa mnajimu bila kinyongo na mama yako, ukatoka nacho, na kilichotokea katikati ni sentensi moja ya mtu asiyemfahamu yeyote kati yenu wawili. Sentensi hiyo haikustahili kusemwa kwa namna ile, hata kwa kanuni za unajimu wenyewe.

Mkondo anaoufuata mnajimu wako una historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mnajimu Mwingereza Alan Leo aliwahimiza wenzake waache kutabiri matukio na badala yake waeleze tabia na mielekeo ya mtu. (Tusimpambe kupita kiasi: alishtakiwa kwa kosa la kupiga ramli mwaka 1914 na tena mwaka 1917, na mara ya pili akatozwa faini, kwa hiyo kudai kwamba alisoma mielekeo tu kulikuwa na faida pia mbele ya hakimu.) Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, ambaye mwaka 1911 alimwandikia Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, kwamba jioni zake alizitumia kwa hesabu za nyota, ndiye aliyetoa wazo lililokuja kuwa uti wa mgongo wa mkondo huu: kwamba watu wa kale waliyasoma angani yale yaliyokuwa ndani ya nafsi zao. Dane Rudhyar, mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani, aliliunganisha wazo hilo na unajimu katika kitabu cha mwaka 1936, na mwaka 1983 wanajimu Liz Greene na Howard Sasportas wakaanzisha mjini London kituo cha kuufundisha.

Ukilichukua wazo hilo kama lilivyo, utaona kwamba mnajimu wako amelivunja. Ikiwa sayari ni majina tuliyoyapa mambo ya ndani, basi Mwezi katika ramani yako haumzungumzii mama yako, mtu mwenye maisha yake na matatizo yake. Unazungumzia haja yako ya kutunzwa, mazoea yako ya utotoni, na picha ya mama uliyoijenga wewe mwenyewe moyoni. Zohali nayo katika mapokeo haya ni ishara ya mipaka, ya wakati, ya wajibu na ya hofu ya kupungukiwa. Viwili hivyo vikikaa kwa pembe ya nyuzi 90 husemwa kuwa vinavutana: upande mmoja unataka kubembelezwa, upande wa pili unaamuru ujisimamie. Ishara inakomea hapo. Kinachofuata ni swali, na mwenye jibu ni wewe.

Tazama swali hilo linavyoweza kutua katika maisha mbalimbali. Mmoja atakumbuka mama aliyeugua kwa muda mrefu, na jinsi yeye akiwa mtoto alivyojifunza kunyata ndani ya nyumba na kunyamaza hata alipoumwa. Mwingine alikuwa kifungua mimba. Alipendwa sana, lakini kila alipofuatwa nyuma na mdogo wake alisifiwa kwa kuwa mkubwa, hata akaamini kwamba sifa na machozi haviwezi kukaa kwa mtu mmoja. Wa tatu atasema mama yake alikuwa mchangamfu kupita kiasi, na yeye ndiye aliyejitenga. Wa nne atalitafakari swali lote kwa uaminifu, akaona halimgusi hata kidogo, na jibu lake ni halali sawa na ya wale watatu. Mnajimu anayestahili muda wako ni yule anayeweza kulipokea jibu la huyo wa nne bila kumwambia kwamba anaikataa tafsiri kwa sababu jambo lenyewe limefichika mno ndani yake. Akishaanza kusema hivyo, hakuna tena unachoweza kujibu kikamkosoa, na mazungumzo yamegeuka kuwa hukumu.

Kuhusu Zohali kurejea, hesabu yake ni nyepesi. Sayari hiyo hulizunguka Jua kwa takribani miaka 29 na nusu, kwa hiyo kila mtu aliyefika umri wako duniani kote anapitia jambo hilohilo wakati huu. Pluto huchukua miaka 248 kumaliza mzunguko wake, na yaweza kukaa katika buruji moja, yaani moja ya zile alama 12 za nyota kama Nge, hadi miaka 30 hivi, kiasi kwamba kizazi kizima huzaliwa chini ya alama moja. Taarifa inayowahusu watu wote wa rika lako haiwezi kuwa siri yako binafsi. Haimaanishi kwamba miaka ya kukaribia 30 haina uzito. Wengi huacha kuishi kwa matarajio ya wazazi katika umri huo na kuanza kujiuliza wanachokitaka wao. Lakini hilo ungeliona hata kama anga lingekuwa na mawingu mwaka mzima.

Sasa la kufanya. Chukua karatasi uandike tukio moja la karibuni ambapo ulihitaji msaada na hukuuomba: ulihitaji nini, ungemwomba nani, na uliogopa angekujibu nini. Andika maneno yenyewe uliyoyahofia, kwa mfano «hata hili limekushinda?», kisha ujiulize ni sauti ya nani inayoyasema. Huenda ikawa ya mama yako, huenda ikawa ya mwalimu, ya dada mkubwa, au yako mwenyewe. Usiliandike neno Zohali popote katika karatasi hiyo. Ukihisi haja ya kuzungumza na mama yako baadaye, mwulize maisha yake yalikuwaje alipokuwa na mtoto mchanga. Usimpelekee tafsiri ya ramani. Na iwapo haya uliyoyataja yanakuzuia kulala, kufanya kazi au kuishi na watu, mtafute mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo, kwa maana ramani haikuundwa kwa ajili ya kutibu.

SWALI: Mimi sikuamini mambo haya hadi niliposomewa ramani yangu. Kila sentensi ilinilenga mimi. Huo si ushahidi wa kutosha?

JIBU: Ndugu yangu, si ushahidi, na jambo hili lilikwisha kupimwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwafanyia wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake. Wanafunzi waliyapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, ambayo Forer aliikusanya kutoka katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa mitaani: kwamba unapenda kukubaliwa na watu lakini hujikosoa sana, kwamba kwa nje unaonekana mtulivu ilhali ndani una wasiwasi, na mengine ya aina hiyo. Ni nani hayumo humo?

Mwaka 1985 mwanafizikia Shawn Carlson alichapisha katika jarida la kisayansi la Nature jaribio gumu zaidi, ambamo wanajimu walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia yaliyotokana na kipimo cha kisaikolojia, moja tu likiwa la mwenye ramani, wakatakiwa kulitambua. Walipatia mara moja kati ya tatu hivi, yaani kiasi ambacho mtu angepata kwa kubahatisha. Wapo waliopinga namna hesabu zilivyofanywa. Mimi hunishangaza zaidi jambo lisilotajwa sana katika jaribio hilo: wahusika wenyewe walipoonyeshwa maelezo matatu ya aina hiyo, nao hawakuweza kuyatambua yaliyo yao kuliko kwa bahati. Kwa hiyo hisia ya «huyu ni mimi hasa», hata inapokuja kwa nguvu, ni shahidi dhaifu.

Jung mwenyewe alikutana na ukuta huo. Katika maandishi yake ya mwaka 1952 alieleza jinsi alivyochunguza ramani za jozi 483 za wanandoa, zilizopatikana kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilionyesha mkutano wa Mwezi wa mmoja na Jua la mwenzake, jambo lililoafikiana na mapokeo. La pili likaonyesha jingine, la tatu jingine tena, na zilipojumlishwa zote hapakubaki kitu ambacho mtakwimu angekiheshimu. Jung hakukata tamaa, akaielekeza hoja yake kwenye sadfa zenye maana. Mimi naona takwimu zilikuwa zimeshasema za kutosha.

Basi kwa nini niendelee kuijibu barua yako kwa heshima? Kwa sababu thamani ya ishara haitegemei usahihi wake. Daktari mwingine wa Uswisi, Hermann Rorschach, mwaka 1921 alichapisha madoa ya wino yasiyo na umbo la kitu chochote, na watu wakayaeleza kwa namna iliyofichua yaliyowashughulisha. Ramani ya kuzaliwa yaweza kutumika hivyohivyo. Ukitaka kujua kama yako inakufanyia kazi au inakubembeleza tu, mwombe mtu akuchanganyie maelezo ya ramani yako na ya watu wengine wawili bila majina. Usijaribu kulitambua lako. Soma yote matatu, kisha uandike ni sentensi ipi iliyokuudhi na kwa nini. Sentensi hiyo, iwe yako au ya jirani, ndiyo yenye kazi kwako.

SWALI: Sijui saa niliyozaliwa, na mama alifariki. Je, ramani yangu inawezekana?

JIBU: Pole kwa msiba. Inawezekana kwa sehemu. Buruji inayochomoza upande wa mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na mgawanyo wa nyumba 12, yaani sehemu za ramani zinazohusishwa na nyanja za maisha, huifuata, kwa hiyo hayo mawili yaache kabisa. Mwezi husogea nyuzi 13 hivi kwa siku, hivyo huenda ukawa na shaka ya buruji mbili. Sayari nyingine zitakuwa karibu na mahali pake. Wapo wanaojitolea kuikisia saa yako kwa kurudi nyuma kutoka kwenye matukio ya maisha yako, na malipo yao huwa si haba. Usiwape fedha yako. Saa iliyotengenezwa ili ilingane na matukio haiwezi kuyaeleza matukio hayo.

SWALI: Mume wangu akikasirika hupitisha siku nzima bila kunisemesha. Nikimlalamikia hujibu kwamba yeye ni Nge, Nge ndivyo walivyo, na tangu aanze kusoma unajimu wa kujitambua ananiambia nijifunze kumkubali. Nifanye nini?

JIBU: Dada, mumeo ameokota sehemu ya elimu hiyo inayomfaa na kuiacha iliyobaki. Katika unajimu wa kisaikolojia buruji ya Nge huhusishwa na hisia nzito, siri na hofu ya kusalitiwa, lakini huelezwa kuwa kazi anayopaswa kuifanya mwenye buruji hiyo. Haijapata kuwa ruhusa. Hata hivyo, usibishane naye kuhusu nyota, kwa maana akishinda mtabaki na kimya kilekile, na ukishinda wewe atapata sababu mpya ya kununa.

Zungumza naye siku ambayo hakuna ugomvi, umwambie kwa maneno yasiyo na buruji: «Ukininyamazia kutwa, sijui kama ndoa yetu ipo salama, na siku hiyo siwezi kufanya lolote.» Mwombe mkubaliane kwamba yeyote anayehitaji kukaa kimya ataaga kwanza, na ataje saa atakayokuwa tayari kuzungumza. Akikujibu kwamba Nge hawezi kutaja saa, mwulize kama akiwa kazini na amekasirika huwa hajibu maswali ya mkubwa wake kutwa nzima.