Jasho lilinidanganya miezi minne

Nilipoanza kukimbia nilikuwa navaa koti la nailoni juu ya fulana mbili, hata jua likiwa kali. Nikirudi nazikamua fulana, napanda mizani: kilo moja na nusu imeondoka! Kesho yake, baada ya kula na kunywa maji, imerudi yote. Nikawa najilaumu kwa ulafi. Kumbe kilichoondoka kilikuwa maji, na kilichorudi kilikuwa maji.

Kazi ya jasho ni kupoza mwili. Mafuta hayayeyuki yakachuruzika kwenye ngozi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia walikokotoa kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi na 1.6 hutoka kama maji. (Usianze kuhemahema makusudi, utaambulia kizunguzungu tu.) Halafu lile koti ni hatari, maana linauzuia mwili usipoe. Siku moja niliona giza, nikaketi chini kando ya njia, moyo unadunda kama ngoma. Sasa nalivaa siku za mvua.

Rafiki yangu naye aliacha wanga wiki moja akapungua kilo mbili, akaja kunitambia. Wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli, yaani glaikojeni, hukaa na maji: kila gramu moja huandamana na gramu kama tatu za maji. Akiba hiyo ikitumika, maji nayo huenda. Aliporudia kula kama kawaida, nambari nayo ikarudi, na safari hii hakuja kunitambia.

Lakini pale nilipojikwaa zaidi ni kwenye hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori kama 350. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700. Gawanya mwenyewe: mbio 22, tena usiongeze hata tonge. Mimi nilikuwa naongeza sahani nzima, nikijiambia nimeitolea jasho. Dakika kumi mezani zilifuta asubuhi yote.

Sisemi mbio hazina maana. Moyo, usingizi na sukari ya damu hunufaika hata mizani isiposogea, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila ukitaka kupungua, anza na sahani.

Kuhusu kitambi: mazoezi ya tumbo hukaza misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe mwili huyachota unakotaka wenyewe, na kwangu ulianza na mashavu, watu wakaniuliza kama naumwa. Na kina dada wanaoogopa vyuma kwamba watatanuka mabega, misuli ya namna hiyo hata wanaoitafuta kwa miaka huipata kwa taabu.

Siku hizi napima uzito asubuhi, nikishatoka chooni na kabla sijala chochote, kisha nalinganisha wastani wa wiki kwa wiki. Nambari ya siku moja hupanda hata kwa chumvi ya chakula cha jana. Zamani ingeniharibia siku nzima; sasa naiandika, naenda zangu kuoga.