Re: Watu 30 semina nzima kimya, nianze na mchezo gani?
Habari mkuu. Nimekuelewa hivi, una watu 30 wa matawi tofauti, semina keshokutwa, na mara ya mwisho ulipowaambia kila mtu ajitambulishe ukumbi ukapoa mpaka chai. Hiyo iache kwanza, watu 30 kwa dakika mbili mbili ni saa nzima imekwisha na mwenye aibu anahesabu zamu yake tu wala hasikilizi.

Cheki kwanza kama bosi atacheza. Mi niliwahi kuendesha moja bosi kakaa pembeni na simu, watu wote macho kwake, haikunoga kabisa. Muombe mapema aingie.

Anza na nyama nyama, unataja "mbuzi!" wanaruka wanaitika "nyama!", ukitaja "meza" anayeruka katoka. Wakishacheka nenda meli inazama: wanatembeatembea, unasema "watano watano!" wanakimbilia makundi, halafu kila kundi dakika 2 watafute kitu kimoja wanachofanana wote na kisihusu kazi. Hapa ndo majina yanashika, naupenda huu kuliko yote, usiukimbize.

Fundo la mikono (8 hadi 10 kwenye duara, kila mtu anashika mikono ya wawili tofauti wasio jirani zake, mnajifungua bila kuachia) nao mzuri, ila wapo wasioshikana mikono na jinsia nyingine, wape leso washike ncha, linafunguka vilevile. Likigoma dakika 10 ruhusu mkono mmoja uachie, mengine kweli hayafunguki.