Netibuku ya dola 70 au Lenovo ya mtumba, kwa safari za Kolwezi na Kasumbalesa

Mama, pole na safari. Nianze na jibu: chukua ile Lenovo X250, ila usitoe dola 190 kabla ya kuipima betri. Namna ya kuipima palepale dukani nimeiandika huko chini.

Kwa wanaofika sasa: mama ameonyeshwa mashini mbili mtaa wa Kenya, hapa kwetu Lubumbashi. Moja ni netibuku, yaani kompyuta ya mkononi ndogo na ya bei nafuu: Acer Aspire One ya inchi 10, dola 70. Ya pili ndiyo hiyo Lenovo, ThinkPad X250 ya inchi 12 na nusu, imetoka Ubelgiji, dola 190. Anazungukia depo zake za unga Likasi na Kolwezi, anashuka Kasumbalesa mpakani na Zambia kufuata mzigo, na kazi zake ni Excel, bili, barua pepe na WhatsApp ya kwenye kompyuta. Wawili wamemwambia achukue netibuku kwa sababu ni nyepesi. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Mimi nashika hesabu za depo za dawa kwenye barabara hiyohiyo, na netibuku nimetembea nayo miaka mingi. Siitukani. Asus ilipotoa Eee PC ya kwanza mwaka 2007, skrini yake ikiwa inchi 7 tu, kompyuta ndogo zilikuwa za mabosi. Sisi wengine tulibeba mizigo ya inchi 15 au tulibaki na daftari. Lakini ilipofika mwisho wa 2012, Asus na Acer wenyewe walikuwa wanaachana na netibuku. Kwa hiyo unayoonyeshwa leo imeshapita miaka kumi, hata kama imepigwa kitambaa ikang'aa na kutiwa kwenye nailoni mpya.

Uzito wenyewe haufiki mbali. Kati ya hizo mbili tofauti haifiki hata nusu kilo. Mfuko wako tayari una vitabu vya bili, chupa ya maji, kitenge na chaja ya simu; nusu kilo hutaijua. Utakachokijua ni skrini. Netibuku ya aina hiyo ina pikseli 1024 kwa 600, na upungufu unaonekana kwenye urefu. Excel ikishakula juu kwa vitufe vyake na chini kwa majina ya kurasa, unabaki na mistari michache ya kuona. Stoo ya mifuko ya kilo 25, ya kilo 10 na ya kilo 5, kila depo na safu yake: utapandisha na kushusha mpaka kidole kichoke. Halafu kuna lile jambo ambalo kila aliyetumia netibuku analijua: programu inafungua kidirisha cha kuuliza kitu, na kitufe cha kukubali kiko chini ya ukingo wa skrini, hakionekani. Unabonyeza Enter kwa imani.

X250 za kawaida zina 1366 kwa 768, nyingine 1920 kwa 1080. Zote zinatosha, ila skrini za bei ya chini zina rangi mbovu. Ukiwa dukani, fungua ukurasa mweupe, kisha isukume skrini nyuma na uitazame kutoka juu na kutoka pembeni. Rangi zikigeuka kama picha ya filamu iliyoungua, hiyo ni ile duni. Inafaa kwa kazi, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei.

Upande wa nguvu sitakaa sana. Netibuku nyingi za wakati ule hazikubali zaidi ya GB 2 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na zilikuja na Windows 7 Starter, ile isiyokuruhusu hata kubadilisha picha ya nyuma. Chrome iliachana na Windows 7 mwaka 2023. WhatsApp ya kwenye kompyuta pamoja na Excel pamoja na barua pepe, vyote kwa wakati mmoja, kwenye GB 2? Utapika chai, utainywa, na bado inafikiri. X250 ina nafasi moja tu ya RAM, lakini fundi yeyote anaweza kukuwekea GB 8, na inakubali hadi 16.

Sasa betri, maana kwa safari zako hapa ndipo pesa yako inapokwenda.

Kolwezi kutoka hapa ni kama kilomita 300, na malori ya migodi yanaweza kuigeuza kuwa siku nzima. Unafika, umeme umekatika, mwenye depo ana jenereta lakini mafuta anayahesabu kwa kijiko. Swali lako si mashini inakaa saa ngapi kwa karatasi ya kiwandani. Swali ni hili: betri ikiisha, unafanya nini? X250 ina betri mbili. Moja iko ndani, ya Wh 23 hivi (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Nyingine iko nyuma, inachomoka kwa kusukuma visukumizi viwili vya chini. Ya nyuma ikiisha unaichomoa mashini ikiwa imewaka, ile ya ndani inaishikilia, unachomeka nyingine iliyojaa, Excel yako haijafungwa wala skrini haijapepesa. Ya nyuma ndogo ni ya Wh 23 pia, lakini kuna kubwa za hadi Wh 72. Hiyo kubwa inanyanyua mashini nyuma kidogo. Mimi napenda hivyo kwa sababu mikono inakaa vizuri, wengine hawapendi.

Netibuku nayo betri yake inachomoka, na prosesa yake ya Atom haili umeme mwingi. Zilipokuwa mpya zilikaa sana. Lakini betri hiyo sasa ni kizee, na mbadala utakaouziwa ni wa kuiga: unaonyesha asilimia 40, kisha giza.

Upimaji wa X250 dukani uko hivi. Iwashe ikiwa kwenye chaja, chomoa betri ya nyuma, kisha chomoa chaja. Sasa inaishi kwa betri ya ndani peke yake. Ikizima palepale, betri ya ndani imekufa na ule ufundi wote wa kubadilisha bila kuzima hauna maana mpaka uinunue nyingine. Ikikaa, rudisha ya nyuma, fungua dirisha la amri la Windows na uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili na kukuambia imeiweka wapi. Ifungue: kwa kila betri utaona uwezo iliozaliwa nao na uwezo iliobaki nao leo. Betri ya Wh 48 iliyobaki na 15 ni ya kutupa, na muuzaji anajua. Mwonyeshe namba, usibishane kwa maneno. Mimi nisingelipa zaidi ya 150 kwa X250 yenye betri zilizochoka, kwa kuwa hizo 40 zilizobaki zitaingia kwenye betri ya nyuma iliyo nzuri.

Jambo la pili la barabara ni diski. Netibuku karibu zote za inchi 10 zina diski ya kuzunguka, na diski hiyo haipendi kutikiswa ikiwa kazini. Wewe umekaa nyuma ya bisi, kompyuta kwenye mapaja, dereva anakwepa shimo anaingia jingine. Ile X250 hakikisha ina SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nyingine ziliuzwa na diski ya kawaida. Kama haina, iwe sehemu ya mapatano.

Vumbi letu jekundu, nalo lina la kusema. X250 ina feni, na kuanzia Mei mpaka mvua zirudi feni hiyo inavuta kila kitu kinachopita. Ukisikia inalia kwa kazi ndogo, mwambie fundi afungue chini na aipulize, lakini akishikilia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke hovyo, maana upepo mkali unaweza kuiharibu. Hapa niwe mkweli: kompyuta ndogo za prosesa ya Celeron zilizokuja baada ya netibuku, kama HP Stream 11 ya mwaka 2014, hazina feni kabisa, na kwa vumbi hilo ni jambo zuri. Tatizo lao ni hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi. Windows inasasishwa mara moja tu, nafasi imekwisha, na hakuna fundi wa kukuongezea. Muuzaji akikupeleka kwenye hizo kwa sababu zinaonekana mpya, uliza kwanza GB ngapi na kama inabadilishika.

Kwa kuwa imetoka Ubelgiji, angalia kibodi. Hiyo ni AZERTY (mpangilio wa vitufe) ya Kibelgiji, si ile ya Kifaransa uliyoizoea shuleni. Herufi ziko palepale, alama ndizo zimehama: kwenye ya Kibelgiji @ iko kwenye kitufe cha 2, kwenye ya Kifaransa iko kwenye 0. Hakikisha Windows imewekewa Kibelgiji, la sivyo utaandika anwani ya barua pepe na kupata vitu vya ajabu. Na kwa kuwa unaingiza namba kutwa, nunua kile kibodi kidogo cha namba cha USB. Hakuna mashini ya ukubwa huu yenye namba pembeni, na kwa kazi ya bili kifaa hicho kinaokoa zaidi ya prosesa yoyote. Chaja itaingia kwenye prizi zetu bila shida, ila ukivuka kwenda upande wa Zambia utakuta prizi za matundu matatu ya mraba, kwa hiyo adapta iwe mfukoni.

Kuna doa moja la X250 ambalo muuzaji hatakuambia. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. X250 ni ya kizazi cha 5. Akikwambia "tayari nimekuwekea 11", ameipitisha kwa mlango wa nyuma. Inafanya kazi, ila masasisho hayana dhamana. Mimi yangu ina Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na LibreOffice, inayofanya kazi za Excel, na faili za Excel za wateja zinafunguka bila kelele isipokuwa zile zenye makro (amri za kujiendesha) nzito. Kama wewe lazima ubaki Windows, kuna njia mbili. ThinkPad X280 ya mwaka 2018 ina kizazi cha 8, lakini betri imefungiwa ndani na RAM imechomelewa, yaani wamekuondolea kile ambacho nimekisifu muda wote huu. ThinkPad T480 ya mwaka huohuo bado ina betri mbili na inakubali Windows 11. Ni inchi 14 na bei yake itakuwa juu. Chache zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hiyo soma kibandiko. Kama bajeti ingefika, hiyo ndiyo ningekutuma ukaitafute.

Netibuku ya dola 70 ningempa nani? Mwanafunzi wa kuandika tu, anayejua kuweka Linux nyepesi na asiyetegemea intaneti. Na hata yeye ajue kwamba zile za prosesa ya Atom N270 ni za biti 32, aina ya zamani, na Debian 13, aina mojawapo ya Linux, iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Atabaki na Debian 12.

Ukienda tena kwa huyo muuzaji, piga picha kibandiko cha chini ya mashini na ile ripoti ya betri, uziweke hapa kabla ya kulipa. Nitaziangalia jioni nikitoka kazini.