Re: Baba kamaliza mionzi ya koo, ugali haupiti

Pole kwa kuuguza, dada. Unauliza kama mdomo wa baba kukauka miezi kadhaa baada ya tiba ya mionzi ya koo ni kawaida, na unasema anachoka. Ndiyo, mionzi huumiza tezi za mate, na kwa wengine mate hayarudi yote. Mpikie mtori, au ugali laini kwa mlenda, unateleza wenyewe. Ila akipaliwa kila anapokunywa, mrudisheni kliniki, huenda maji yanaingia njia ya hewa. Kubwa kuliko yote (wengi hawaambiwi): asing'oe jino kabla daktari wa meno hajajua alipigwa mionzi, hata miaka ikipita, maana mfupa wa taya unaweza kugoma kupona. Na huo uchovu msisingizie uzee. Ombeni kipimo cha damu cha thairoidi, tezi ya shingoni ambayo mionzi inaweza kuidhoofisha, na ikidhoofika mtu huchoka.