Akili mnemba dukani kwangu: ninachoiachia na ninachoinyima

Juzi binti mmoja mwenye duka la kadi na fulana hapa Dodoma aliniandikia: "Dada, wateja wananiambia kadi watatengeneza wenyewe kwenye simu. Na mimi nianze kutumia akili mnemba au nifunge tu?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi wenye swali hilo.

Usifunge, mdogo wangu. Mimi naitumia kila siku. Inaninyooshea Kiingereza cha barua za zabuni, inanisaidia kukokotoa gharama za karatasi na wino, inaondoa mandhari ya nyuma kwenye picha, kazi iliyokuwa ikinikesha. Lakini mwezi huu nimepata kazi ya lebo za mvinyo wa mzee mmoja wa Hombolo, na nimeipata kwa kuiweka mashine pembeni.

Mzee alikuwa na lebo tayari, katengenezewa na mtu kwa programu. Nilipoiona niliumia. Vilima vya kijani, ngome ya mawe, ukungu. Hombolo kuna ngome gani? Nikamfuata shambani na penseli. Nikachora mbuyu uliosimama mpakani, na vishada vya zabibu za Makutupora vimeiva huku majani yameshika vumbi. Akaniambia watu wa nje hawaamini kwamba huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Basi lebo nikaigawa pande mbili, kila mavuno na upande wake. Alipoiona alimwita mkewe jikoni aje atazame. Pale nilijua kazi ni yangu.

Mashine haijui kwetu. Niliwahi kuiomba picha ya wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ikaniletea wanaume wenye manyoya kichwani na ngoma za Afrika Magharibi. Muheme ni ngoma ya akina mama, wanaibana katikati ya mapaja. Bango kama lile ukilibandika Mvumi, hata mtoto atakuuliza hawa ni akina nani. Kwa hiyo kitu chochote kinachobeba watu wetu na mahali petu, kichore au kakipige picha mwenyewe.

Halafu picha za wateja. Bibi harusi anakuletea picha zake, wewe unazitupia kwenye programu ya bure ya nje ili ngozi ing'ae. Umemuuliza? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina masharti hata ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Weka mstari mmoja wa ridhaa kwenye fomu ya oda. Akikataa, heshimu.

Lipo lingine, na hili bado linanichoma. Mteja mmoja alichukua sampuli zangu, akasema anakwenda kushauriana na wenzake. Kimya. Baadaye nakutana na mabango yake barabarani: rangi zangu, mistari yangu, mpaka namna ninavyochora vidole, ila vimepotoka kwa sababu programu ndiyo iliyoiga. Sikulala. Tangu hapo sampuli haitoki dukani bila jina langu kukatiza katikati ya picha, tena inatoka ndogo, isiyofaa kuchapwa.

Na kwa kuwa naujua uchungu huo, nawaomba sana: msiiambie mashine "chora kama fulani" wakati fulani yupo na anatafuta ada ya watoto. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa ni mtu aliyeibuni kazi. Heshimu jasho la mwenzako hata kama hatakugundua. Heshimu!

Kuhusu bei, msifiche. Kadi ya mchango inayotakiwa jioni hiyo hiyo naifanya kwa akili mnemba, naandika hivyo kwenye ankara, na bei inakuwa ya chini. Anayetaka mchoro wa mkono analipa nusu kabla sijashika penseli.