Kuhusu vile vitabu vyangu vya Chase

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mbeya. Sisi huku wazima, ni baridi tu ya mwezi wa sita inayotusumbua. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kama vile vitabu vyangu vya James Hadley Chase, yule mtunzi wa riwaya za uhalifu, vilivyo kwenye maboksi uliyoondoka nayo tulipopaka nyumba rangi, vinafaa kuwekwa kwenye maktaba ya shule unayofundisha. Nitafika huko. Kabla ya wanafunzi wako, ngoja nikueleze vilivyonifaa mimi.

Wengi wanadhani Chase alikuwa Mmarekani. Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London mwaka 1906, na jina lake halisi ni René Raymond. Aliuza ensaiklopidia za watoto mlango kwa mlango, akafanya kazi kwa wauzaji wa vitabu wa jumla, na mwaka 1939 akatoa No Orchids for Miss Blandish. Mpaka anafariki mwaka 1985 alikuwa ameandika riwaya karibu 90, nyingi zikitokea Marekani, nchi ambayo yeye mwenyewe aliitembelea kidogo sana. Aliiandika akiwa Ulaya, akitumia ramani na kamusi za lugha ya mitaani ya kule. Nilipolijua hilo nilimpenda zaidi. Mimi nilikuwa karani wa masijala, nashinda na mafaili na mihuri, na Paradise City, mji wake wa kubuni, niliijua mtaa kwa mtaa. Yule askari Lepski mwenye uchu wa kupandishwa cheo, sisi wa masijala nani alihitaji kuelezwa habari zake?

Usiku mkiwa mmelala ndipo nilisoma. Nakumbuka There's Always a Price Tag: tajiri mlevi amejiua, bima haitalipa kwa mtu aliyejiua, basi mjane na dereva wanauficha mwili ndani ya friza huku wakitafuta namna ya kufanya ionekane ameuawa. Kurasa nzima unakaa na lile friza. Mgeni anabisha hodi, wewe unaliangalia friza. Mtunzi anayeweza kumfanya mtu wa Mbeya, asiye na friza nyumbani, aogope friza, huyo anaijua kazi yake. Mtu mzima hachaguliwi kitabu, nimekuambia tangu ukiwa darasa la saba.

Sasa, unajua vilifikaje. Baba yako akiwa kwenye reli ya TAZARA alikuwa akirudi kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, na kitabu kimoja au viwili ndani ya begi, chini ya sabuni. Vingi vilikuwa matoleo ya kampuni ya Corgi, yale ya majalada yenye wanawake waliovaa nusu. Nilivifunika kwa gazeti la Uhuru, kona zimekunjwa kwa ndani na kubanwa kwa stepula za ofisini. Ndiyo maana vyote umevikuta hivyo.

Ile Pasaka uliyokuwa mdogo, shangazi yako alikitoa kimoja kabatini wageni wakiwa mezani. Akalichana gazeti taratibu, akalionyesha jalada, dada mwenye nguo ya kuogelea na bastola, akasema, "Haya ndiyo anayosoma mke wa kaka yangu, na watoto wamo humu humu." Watu wakacheka. Wazee wa kanisa walikuwepo. Nikamtazama baba yako, kwa sababu kile kitabu alikileta yeye, wiki ile ile. Neno moja tu lingetosha: "Nimemletea mimi." Akaendelea kuchambua samaki wake. Nilikipokea, nikachukua gazeti lingine, nikakifunika upya pale pale mbele yao, kisha nikaendelea kupakua wali.

Safari iliyofuata aliniletea vitatu kwa mpigo. Hakusema kitu. Nimejiuliza miaka mingi kama ile ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Kuna siku nasema ndiyo, alikuwa mtu wa vitendo, Mungu amrehemu. Kuna siku nasema hapana, radhi ya jambo lililotendeka mezani huombwa mezani. Wewe ulimpenda sana, sitaki nikuamulie.

Turudi kwenye shule yako. Utaniambia wanafunzi si watu wazima. Kweli. Na wanawake wa Chase wanapigwa na kufa ovyo. Hilo mimi ndiye wa kwanza kulisema. Mwaka 1942 mahakama ya Uingereza ilimtoza yeye na mchapishaji wake faini ya pauni 100 kila mmoja kwa sababu ya Miss Callaghan Comes to Grief, na mwaka 1944 mwandishi George Orwell aliandika kuulaumu ukatili uliomo kwenye Miss Blandish. Orwell hakukosea. Miss Blandish nisingempa mtoto wa kidato cha pili. Wala cha tatu. Wa kidato cha sita je, anayesoma kwa kujificha kama nilivyosoma mimi? Ulimi unaniwasha, lakini shule ni yako na wazazi watakuja kwako, kwa hiyo uamuzi nakuachia.

Ila usivitawanye kabla hujavipanga. Vilivyoandikwa jina la Raymond Marshall ni vya Chase pia, ni jina lake jingine la kalamu. Kile Trusted Like the Fox cha jalada gumu nilikipata kwa muuza mitumba aliyedhani ni cha mtu mwingine kabisa, na siku ile nilitembea hadi nyumbani nikicheka peke yangu. Na matoleo ya Marekani yalibadilishwa majina: Figure It Out for Yourself na The Marijuana Mob ni kitabu kimoja, kwa hiyo fungua ukurasa wa kwanza kabla hujahesabu. Magazeti usiyavue, ya miaka ile yamekauka, yatakatikia mkononi.

Ukiamua kuvipeleka, andika ndani ya kila kimoja kwamba vilikuwa vya mama yako, na jina langu liandike kamili, lile la kuzaliwa.

Mama yako